Tone Moja la Nyeusi

Gari lilikuwa jeupe, na mlango wake wa nyuma ulikuwa umebonyea. Fundi alikwisha kuunyoosha, akaupaka puti na kuupiga msasa hadi ukalainika. Nilidhani imebaki kufungua kopo la nyeupe na kupuliza. Akafungua makopo manne. Ndani ya nyeupe akadondosha nyeusi kwa ncha ya kijiti, akakoroga, akapaka kwenye kipande cha bati, akakisogeza karibu na mlango, juani kwanza, kisha kivulini. Akatikisa kichwa. Nyeusi ikiingia kwenye nyeupe huivuta kwenye ubuluu, akanieleza, kwa hiyo lazima irudishwe kwa njano. Akaongeza njano, na baadaye nyekundu kidogo mno, ikazama bila kuacha alama.

Kila tone la rangi lilikuwa likiupunguza weupe wa kopo. Shuleni nilifundishwa kinyume chake. Isaac Newton alieleza mwaka 1672 jinsi mwanga wa jua ukipita kwenye prizimu unavyotawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua, na ukikusanywa tena kwa lenzi unarudi kuwa mweupe. Mwaka 1861, jijini London, James Clerk Maxwell alimulika picha tatu za utepe mmoja, moja kwa mwanga mwekundu, nyingine kijani, nyingine buluu. Zilipolaliana, utepe ukaonekana na rangi zake. Basi kama rangi zote pamoja huzaa nyeupe, mbona ukimimina makopo yote ya gereji kwenye ndoo moja unapata tope?

Jibu nililipata pale, nikiwa nimechuchumaa kando ya kijiti kile. Mwanga huongezeana, rangi ya kopo hula. Njano inameza mwanga wa buluu na kuturudishia uliobaki. Buluu nayo inameza mwekundu. Zikikutana, kila moja inakula chakula chake, na kijani ndicho kinachosalimika. Ndiyo maana tunakiona. Kila tone linaloingia koponi linapunguza mwanga utakaotoka, na haliopoleki. Hapo nikaelewa kwa nini mkono wa fundi ni mchoyo.

Mama zetu waliijua hesabu hii kwenye beseni. Kanzu nyeupe ikizeeka hugeuka njano, kwa sababu kitambaa kimeanza kula buluu. Mama akitia nili kidogo kwenye maji ya kusuuzia, nili inakula ule upande wa pili, mizani inalingana, na jicho linaona weupe. Kwa kweli kanzu imepoteza mwanga kidogo. Nili ikizidi, kanzu inatoka na mabaka.

Wapo wanaosema siku hizi kila gari lina namba yake ya rangi, na mashine inapima na kuchanganya. Ni kweli, na namba inasaidia. Lakini namba ile ni ya gari lililotoka kiwandani. Hili lililo mbele ya fundi limepigwa na jua la Dar es Salaam miaka kumi, na mlango unaopakwa upya lazima ufanane na ubavu uliochakaa. Tena michanganyiko miwili inaweza kulingana kabisa mchana, ikaachana usiku chini ya taa ya kituo cha mafuta, maana kila mmoja umetengenezwa kwa viungo vyake na unakula mwanga kwa namna yake. Fundi wangu hupima mara tatu: juani, kivulini, na chini ya balbu. Kisha husubiri bati likauke, kwa kuwa rangi ikikauka hubadilika. Kwangu mimi hiyo ni fizikia kamili, na anayeifanya anastahili heshima tunayompa mwalimu wa maabara.

Nawe msomaji, ukitaka kuona mwanga ukiongezeana, washa simu yako kwenye ukurasa mweupe, udondoshee skrini tone dogo kabisa la maji, kisha chungulia ndani yake. Utaona vidoa vyekundu, vya kijani na vya buluu. Cheupe hakuna hata kimoja.