Usukani wa Kwanza wa Gemu: Usihesabu Digrii, Uliza Kama Una Mota

Msomaji wetu, kama umechoka kukata kona kwa kibodi na sasa unaweka akiba ya kununua usukani, soma hii kabla hujatoa hela. Kwenye maboksi ya dukani utakutana na maneno matatu: digrii, mtetemo na nguvu. Yote yameandikwa kwa herufi kubwa, na kwa maoni yetu mawili ya kwanza yanawapoteza sana wanunuzi wapya. Hebu tuyapime kwa fizikia, halafu tuchukue usukani unaopendekezwa karibu kila mahali, Logitech G29, tuone kama sifa zake ni za haki.

Gari linavyoongea na mikono

Tuanze na gari halisi. Ukikata kona, tairi la mbele haliendi kule hasa linakotazama. Mpira unaogusa barabara unapindika kidogo, na barabara inausukuma kwa pembeni. Sasa angalia: nguvu hiyo ya pembeni haikai katikati ya eneo la mguso, inakaa nyuma kidogo. Kwa hiyo inajaribu kulinyoosha tairi, kama vigurudumu vya toroli la supamaketi vinavyojigeuza vyenyewe kufuata mwendo. Hii ni sababu mojawapo ya usukani kurudi wenyewe ukiuachia baada ya kona.

Tairi likikaribia mwisho wa uwezo wake wa kushika barabara, sehemu ya nyuma ya mguso inaanza kuteleza, na ile nguvu inasogea mbele kuelekea katikati. Wenzo unafupika, usukani unakuwa mwepesi. Dereva aliyepita barabara ya udongo baada ya mvua anaijua hali hii: usukani unalegea mkononi, kisha gari linaenda moja kwa moja kama vile hujakata kitu. Wepesi ule ni taarifa, na unakuja kabla gari halijakushinda.

Gemu nzuri za mashindano, kama Assetto Corsa ya mwaka 2014, zinapiga hesabu ya tairi hilo na kutuma jibu kwenye usukani wako. Swali ni moja tu: usukani wako una kitu cha kulifikisha jibu hilo mkononi?

Kamba ya mpira inasema kinyume

Chukua Thrustmaster T80, usukani wa bei ya chini. Hauna mota ya kuuzungusha. Ndani yake kuna kamba ya mpira inayourudisha katikati, na unazunguka digrii 240. Kamba ya mpira ina tabia moja: kadiri unavyokata zaidi, ndivyo inavyovuta zaidi. Linganisha na tairi letu. Tairi linapokaribia kuteleza, nguvu inapungua. Ya kamba inaongezeka. Yaani pale unapohitaji onyo, mikono yako inaambiwa mambo yako shwari.

Sukani zinazotangaza mtetemo zina shida nyingine. Mtetemo unaweza kukwambia kwamba umegonga kingo ya barabara. Hauwezi kukwambia gari linavuta kushoto au kulia, wala kwa kiasi gani, maana mtetemo hauna upande. Simu yako pia inatetemeka, lakini haijawahi kukugeuza mkono.

Kuna kipimo rahisi cha dukani. Uliza kama usukani una waya wake wa umeme wa ukutani. Tundu la kawaida la USB 2.0 linatoa volti 5 na nusu ampea, yaani wati 2.5. Kwa umeme huo ni vigumu kuendesha mota ya kushindana na mikono ya mtu. Kama usukani unategemea tundu hilo peke yake, shuku. Kipimo cha pili: ukiuwasha, G29 unajizungusha wenyewe mpaka mwisho wa pande zote mbili, kisha unarudi katikati. Usukani wa kamba hauwezi.

Digrii na Nm

Digrii si za kupuuza, ila zina nafasi yake. Usukani wa gari la kawaida unazunguka mara mbili na nusu hadi tatu kutoka mwisho hadi mwisho, kwa hiyo digrii 900 za G29 zinalingana na gari la mtaani. Wenye digrii 900 unaweza kuupunguza kwa programu uwe wa gari la mashindano. Wenye 240 huwezi kuuongeza. Lakini digrii 900 bila mota ni mzunguko mrefu usio na habari yoyote.

Nm, yaani nyutoni-mita, ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha. G29 ina takriban Nm 2. Duara lake lina upana wa kama sentimita 28, kwa hiyo kwenye ukingo unapokamata unapata nyutoni 15 hivi, sawa na uzito wa kilo moja na nusu. Fanatec CSL DD, ambayo mota yake imeungwa moja kwa moja na usukani, inaanzia Nm 5. Hiyo ni zaidi ya mara mbili.

Je, nguvu zaidi ni uhalisia zaidi? Hapa wengi wanachanganya. Fikiria spika ndogo uliyoifungulia hadi mwisho: sauti ya juu na ya juu zaidi zote zinakwaruza sawa. Mota ndogo nayo ikiombwa nguvu isiyo nayo, inatoa kiwango chake cha mwisho, basi. Kona kali na kona kali sana zinakuwa kitu kimoja mkononi. Kwa hiyo mwenye G29 anayepandisha nguvu mpaka asilimia 100 ili "asikie zaidi" mara nyingi anasikia pungufu. Ishushe mpaka uweze kutofautisha kona mbili. Faida kubwa ya mota kubwa ni hii nafasi ya juu, kuliko kuchosha mabega.

Hukumu yetu juu ya G29

G29 ilitoka mwaka 2015. Inapitisha nguvu za mota zake mbili kwenye meno ya gia, na meno yana gharama: yanapiga kelele, na katikati kuna ulegevu mdogo ambapo ishara ndogo zinapotea. Ukiicheza EA Sports WRC, gemu ya mwaka 2023 yenye Safari Rally ya Kenya ndani yake, mawe na makorongo utayasikia vizuri, lakini kelele za gia utazisikia pia, na wanaolala chumba cha pili vilevile.

Lawama yetu kubwa iko chini, miguuni. Pedali ya breki ya gari halisi haisogei sana. Pedi zikishagusa, kinachobadilika zaidi ni nguvu ya mguu. Pedali ya G29 inapima mkao wake, yaani imeshuka kiasi gani, na wameweka mpira ndani ili iwe ngumu. Ni kuigiza nguvu kwa kupima umbali. Pedali zinazopima nguvu yenyewe ndizo zilizo karibu zaidi na gari, na kwa mtu anayetaka kushusha muda wake, zinaweza kumfaa kuliko kuongeza Nm. Wauzaji hawaliweki hili mbele, kwa sababu pedali haipendezi kwenye picha kama usukani wenye ngozi.

Pamoja na hayo, tunasema sifa za G29 ni za haki, kwa sababu moja: inavuka ule mstari kati ya kamba na mota. Kutoka kamba kwenda G29 unapata aina mpya ya taarifa. Kutoka G29 kwenda CSL DD unapata taarifa ileile ikiwa safi zaidi. Hatua ya kwanza ni kubwa kuliko ya pili, na ndiyo inayofaa hela ya kwanza.

Kwa hiyo, msomaji, ushauri wetu uko hivi. Kama hela inatosha usukani wa kamba tu, baki na padi kwanza. Gemu nyingi zinamsaidia mwenye padi kwa kulainisha mikato yake, na hutakuwa umepoteza kitu. Endelea kudunduliza, au tafuta G29 iliyotumika. Ukiipata, iwashe uone inavyojizungusha, sikiliza kama gia zinagonga kupita kiasi, kisha fungua programu yake kwenye kompyuta na ukanyage kila pedali polepole. Mstari ukipanda taratibu, sawa. Ukirukaruka, huenda kipimo cha pedali kimeingia vumbi, na hapo una hoja ya kupunguziwa bei. Hakikisha pia inaendana na mashine yako: G29 ni ya PlayStation na kompyuta, ndugu yake G920 ni ya Xbox na kompyuta.

Na muuzaji akikutajia digrii, msikilize kwa heshima. Halafu muulize waya wa umeme uko wapi.