Wimbo wa Kuazima na Deni Lake

Wasomaji wetu, na hasa ninyi walimu wa kwaya wa Mbulu na Hanang, twapenda kulitazama swali moja ambalo hubishaniwa sana baada ya mazoezi ya kuimba: Je, mtu aimbaye wimbo wa mwenziwe aweza kumpita mwenyewe? Wako wasemao kwamba haiwezekani, maana kivuli hakiwi kirefu kuliko mti. Lakini kila mchungaji wa ng'ombe katika nyanda za Hanang ajua kwamba asubuhi na jioni kivuli huwa kirefu kuliko mti. Basi yatupasa kuuliza vizuri: ni saa gani mfuasi humpita mtangulizi, na akiisha kumpita, anadaiwa nini?

Tuanze na wimbo uitwao Malaika, unaojulikana pote katika Afrika ya Mashariki. Sahani ya santuri iliyoueneza kwetu ni ya Fadhili William, Mtaita wa Kenya, aliyeuimba Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Juu ya nani aliyeutunga pana ubishi wa miaka mingi: wengine humtaja Fadhili mwenyewe, na wengine humtaja Adam Salim, Mtanganyika, ambaye husemwa kuwa aliutunga huko Nairobi katika miaka ya 1940. Mwaka 1965 Miriam Makeba wa Afrika Kusini aliuimba pamoja na Harry Belafonte wa Marekani katika sahani yao moja, na sahani hiyo ikapewa tuzo ya Grammy mwaka 1966. Tangu hapo watu wengi wa ng'ambo hudhani kwamba Malaika ni wimbo wa Makeba.

Tuzilinganishe sahani hizi mbili kwa haki. Fadhili aimba kama kijana azungumzaye na mpenzi wake barazani jioni. Magitaa yamsindikiza kwa mwendo mwepesi wa dansi, naye hapandishi sauti kupita kiasi. Kila neno lasikika wazi, maana aimba kwa lugha aliyoizoea. Habari yenyewe ni ya kawaida: kijana ampenda msichana, lakini hana mali ya kumwolea. Msikilizaji wa Katesh au wa Basotu asikiapo habari hiyo hawazi noti za benki, awaza ng'ombe. Hata hivyo aielewa mara moja. Fadhili aisimulia pasipo kulalamika sana, na huo ndio uzuri wake.

Makeba afanya kazi nyingine. Apunguza mwendo, avuta sauti pale ambapo Fadhili alipita upesi, na huzuni iliyofichwa ndani ya dansi yeye aitoa nje. Tukumbuke kwamba tangu mwaka 1960 mwanamke huyu alikuwa amezuiwa kurudi katika nchi yake. Kwa hiyo anapoimba juu ya kitu akipendacho asichoweza kukipata, twasikia zaidi ya habari za mahari. Kijana wa Fadhili amekosa mke. Katika sauti ya Makeba ni kama mtu aliyekosa kwao. Maneno ni yale yale, bali mzigo umeongezeka. Hapa twakiri kwamba mfuasi amempita mtangulizi. Hakumpita kwa ukubwa wa jina wala kwa tuzo. Alimpita kwa sababu aliona ndani ya wimbo chumba ambacho mwenye nyumba hakukifungua.

Mwaka 1981 kikundi cha Boney M., kilichoundwa Ujerumani, nacho kiliutoa wimbo huo, ukachezwa katika nchi nyingi. Lakini twasema kwamba hawa hawakumpita Fadhili. Ngoma yao yapiga sawasawa tangu mwanzo hata mwisho kama mashine ya kusaga, wala haijali kama maneno ni ya kilio au ya arusi. Kuenea ni jambo moja, na kupita ni jambo jingine. Mwalimu asiyetenganisha mambo haya mawili atawafundisha wanafunzi wake kupenda kelele.

Labda mtu atatuuliza: Makeba hakuzaliwa katika Kiswahili, aliwezaje kuimba vizuri kwa ulimi wa kuazima? Swali hilo latugusa sisi kuliko watu wengine. Katika wilaya zetu hizi Kiiraqw ni cha jamii ya lugha za Kikushi, Kidatoga ni cha Kiniloti, Kinyaturu ni cha Kibantu, na huko bonde la Yaeda Wahadzabe wana lugha yao yenye sauti za kubofya ulimi. Watoto wetu wengi hufika shuleni wakiwa na lugha ya mama, na Kiswahili hukutana nacho baadaye. Basi waimbapo kwa Kiswahili, wao pia huimba kwa ulimi wa kuazima, nasi twawasikia wakiimba vizuri mno. Ulimi wa kuazima hauharibu wimbo; huharibika pale mwimbaji asipojua anachokisema.

Sasa tuje katika upande wa deni. Mwaka 1939 Solomon Linda, Mzulu, aliimba na wenzake huko Johannesburg wimbo ulioitwa Mbube, yaani Simba. Karibu na mwisho wa wimbo sauti yake ya juu iliruka na kutoa mahadhi ambayo hayakuwa yamepangwa. Mahadhi hayo machache ndiyo yaliyozunguka dunia. Waimbaji wa Marekani walioitwa The Weavers waliuimba wimbo huo kwa jina la Wimoweh, maana hawakulisikia sawasawa neno la Kizulu. Na mwaka 1961 vijana walioitwa The Tokens wakautoa tena kwa maneno ya Kiingereza, ukawa wa kwanza katika Marekani. Linda alikuwa ameuza haki yake kwa shilingi kumi. Alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, na ni mwaka 2006 tu jamaa zake walipofikia mapatano ya kulipwa.

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli kwamba wimbo wa Linda ulijiuza; lakini mithali haikutuambia fedha ya mauzo humwendea nani. Twaweza kusema kwamba The Tokens waliimba kwa ustadi, na kwamba wengi waliupenda wimbo wao kuliko ule wa kwanza. Ustadi huo haufuti deni. Kadhalika ule ubishi wa Malaika si ubishi wa upuuzi: ni watu wanaotaka jina la mtunzi liandikwe mahali pake. Mtu akiazima jembe akalima shamba kubwa kuliko la mwenye jembe, mavuno ni yake, lakini jembe si lake.

Upo mfano mwingine ulio karibu nasi zaidi, tunaousikia kila asubuhi ya shule mstarini. Mwaka 1897 Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg na kiongozi wa kwaya, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika kwa Kixhosa, ili wanafunzi wake wauimbe. Alifariki mwaka 1905, kabla wimbo wake haujatoka mbali. Mwaka 1923 Sol Plaatje aliuimba London, akisindikizwa na piano, nao ukaingia katika sahani ya santuri kwa mara ya kwanza. Mwaka 1961 Tanganyika ilipopata uhuru, mahadhi hayo yakawa wimbo wa taifa letu kwa maneno ya Kiswahili, Mungu ibariki Afrika.

Hapa twasema pasipo kusita kwamba watoto wa Dongobesh, Haydom na Endasak humpita Plaatje. Sahani yake ni ya heshima, lakini ni sauti ya mtu mmoja chumbani, na wimbo huu ulitungwa kwa ajili ya wengi. Waliotafsiri nao walifanya kazi njema. Kixhosa na Kiswahili ni ndugu, na katika lugha zote mbili uzito wa neno hukaa katika silabi ya pili toka mwisho. Kwa hiyo maneno mapya yaliweza kuvaa mahadhi ya zamani pasipo kubana. Tena neno "ibariki" ni amri ya heshima inayoelekezwa kwa Mungu mwenyewe, wala si habari juu yake. Basi sala ya Kixhosa ikabaki sala katika Kiswahili. Hivyo ndivyo kuazima kunavyotakiwa kuwa. Lakini tuwaulize wanafunzi wetu ni nani aliyeutunga wimbo waimbao kila siku. Ni wangapi watakaomtaja Sontonga, mwalimu mwenzetu? Kaburi lake lilifanywa ukumbusho wa taifa huko Afrika Kusini mwaka 1996. Na sisi tunaoimba wimbo wake twaweza walau kulijua jina lake.

Twasema haya kwa sababu ya kazi yetu wenyewe. Siku hizi kwaya nyingi hujifunza nyimbo kwa kusikiliza kwaya za mijini katika simu. Hilo si kosa. Kosa ni kuiga hata pumzi: walipovuta wenzetu nasi twavuta, walipokosea neno nasi twalikosea, na mwisho twapata kivuli cha adhuhuri, kifupi na cheusi. Kwaya ya namna hiyo haitampita mtu, hata ikiwa na sauti nzuri za kwanza mpaka besi. Ni afadhali kuchukua wimbo mmoja na kuukalia miezi miwili kuliko kuchukua kumi na kuziiga kwa juma moja.

Basi mwalimu akitaka kuazima wimbo, na ajiulize mambo matatu. La kwanza, je, waimbaji wangu waelewa kila neno? La pili, je, tunacho cha kuongeza kitokacho katika maisha yetu hapa, au twarudia tu? La tatu, je, tumemtaja mtunzi mbele ya watu kabla hatujaanza kuimba? Majibu mawili ya kwanza yataonyesha kama kwaya yaweza kumpita mtangulizi wake. La tatu halitaongeza uzuri wa sauti hata kidogo, wala waamuzi wa mashindano hawalitolei alama. Lakini Linda alilihitaji kuliko makofi yote ya Marekani, na kulitimiza kwahitaji pumzi moja tu.