Pedi ya Pili: Gemu ya Mkononi Inavyochezesha Watu Wawili

Minada ya korosho ikianza Oktoba na pesa za wakulima zikaanza kuingia, maduka ya Tandahimba hujaa bidhaa ambazo mwezi wa Mei huzioni: spika za kubeba, redio, baiskeli za watoto, vyombo vya ndani. Kati ya hizo kuna kiboksi cha plastiki chenye kioo cha inchi tatu, kimeandikwa kwa maringo kwamba kina michezo 400. Watoto wanakiita gemu, basi. Ukifungua boksi lake unakuta na waya wa chaji, waya wa kuunganishia runinga, na pedi moja ndogo ya mchezaji wa pili.

Muuzaji atakusifia ile 400. Mimi naona kitu cha maana humo ni hiyo pedi ndogo inayotupwa chini ya kitanda wiki ya kwanza. Ndiyo sehemu iliyofikiriwa vizuri kuliko zote, na ilifikiriwa zaidi ya miaka 40 iliyopita.

Kilichomo ndani ya gemu hizi si kipya. Tarehe 15 Julai 1983 kampuni ya Nintendo iliuza nchini Japani mashine iliyoitwa Family Computer, kazi ya kikosi cha mhandisi Masayuki Uemura. Ilitoka kiwandani ikiwa na pedi mbili zilizofungwa moja kwa moja kwenye mashine, huwezi kununua moja ukaacha nyingine. Pedi ya pili ilinyimwa vitufe vya Start na Select ila ikapewa maikrofoni. Maana yake ni kwamba kila aliyeandika mchezo wa mashine hiyo alijua kwamba nyumba yoyote itakayoununua tayari ina pedi ya mtu wa pili. Hati miliki za mashine hiyo zilipoisha muda wake katika miaka ya 2000, viwanda vya Asia vilikuwa vimeshajifunza kuibana yote, prosesa na sehemu ya kuchora picha, ndani ya chipu moja ya bei ya kutupa. Chipu ya aina hiyo ndiyo iliyofichwa nyuma ya kioo cha inchi tatu. Michezo nayo ni ya zama zilezile, baadhi ikirudiwa kwa jina jingine au rangi nyingine ili hesabu ifike 400.

Sasa tuitazame pedi inavyozungumza na mashine. Ndani ya pedi ya asili mna chipu ndogo ya kawaida kabisa, namba yake 4021, ambayo kazi yake ni kupokea hali ya vitufe vinane kwa mpigo mmoja na kuitoa moja baada ya nyingine kwa foleni. Mashine hutuma ishara ya kwanza: shika hali ilivyo sasa hivi. Kisha hutuma mapigo manane, na kwa kila pigo pedi hujibu ndiyo au hapana kwa kitufe kimoja. Mpangilio haubadiliki: A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia. Ndiyo maana pedi yenye vitufe vinane inatosheka na nyaya tano: umeme, ardhi, ishara ya kushika, mapigo na jibu. Bila ujanja huo ungehitaji waya mmoja kwa kila kitufe, na mkia wa pedi ungekuwa mnene kama kamba ya ng'ombe.

Mazungumzo haya hufanyika karibu mara 60 kwa sekunde, kila picha mpya inapochorwa kwenye kioo. Piga hesabu: kila jibu la ndiyo au hapana ni biti moja, na biti 8 mara 60 ni biti 480 kwa sekunde. Huo ndio mzigo wote anaouleta mchezaji wa pili kwenye waya. Prosesa ya Family Computer inapata mizunguko kama 29,780 ya kufanya kazi kati ya picha moja na nyingine, na kusoma pedi mbili kunakula sehemu ndogo sana ya hiyo. Mashine yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 2 tu, ndogo kuliko makala haya, inaweza kuwachezesha watu wawili bila kutoka jasho, kwa sababu mashine ni moja, kioo ni kimoja na ukweli wa mchezo uko mahali pamoja. Hakuna wa kubishana naye kuhusu nani alifyatua kwanza.

Linganisha na njia waliyolazimika kuipita wengine. Aprili 1989 Nintendo hiyohiyo ilitoa Game Boy, gemu ya mkononi iliyoongozwa na Gunpei Yokoi. Hapo kila mtu ana mashine yake na kioo chake, na wawili wakitaka kushindana lazima mashine zenyewe zikubaliane. Wakaweka tundu ubavuni na waya wa kuziunganisha. Kwa ufundi, ule waya una uzuri wake: mashine moja inakuwa kiongozi na kupiga mapigo 8,192 kwa sekunde, na kwa kila pigo biti moja inatoka huku na nyingine inaingia kutoka kule, kwa wakati uleule. Baada ya mapigo manane wamebadilishana baiti nzima. Kilobaiti moja kwa sekunde, kwa vipimo vya leo, ni kichekesho. Ila waandishi wa mchezo wa Tetris walijua namna ya kuishi nayo. Hawakutuma picha. Walitosheka na namba chache, kama vile mlundikano wa kila mmoja umefika urefu gani na ametumiwa mistari mingapi ya adhabu. Ukifuta mistari minne kwa mpigo mmoja, mwenzako anasukumiwa minne kutoka chini. Kila mashine inachora ya kwake.

Gharama yake ndiyo iliyoua raha. Wawili wacheze Tetris kwa waya, panahitajika Game Boy mbili, kaseti mbili za Tetris na waya mmoja. Wanne kucheza F-1 Race ya mwaka 1990 panahitajika kifaa cha ziada cha kuunganishia, na kila kitu mara nne. Nintendo wenyewe waliliona tatizo, na mwaka 2001 kwenye Game Boy Advance wakaruhusu baadhi ya michezo ichezwe kwa kaseti moja: mashine yenye kaseti inazimwagia nyingine programu ndogo isiyozidi kilobaiti 256, nayo inakaa kwenye kumbukumbu hadi zizimwe. Mario Kart ya mwaka huo ilifanya hivyo kwa watu wanne. Ni kazi safi sana, lakini bado unahitaji mashine nne. Kwa mtaa ambao mtoto mmoja tu ndiye mwenye gemu, ufundi huo wote hauna msaada.

Sisi wengi tuliuonja ugumu huu kwenye simu. Nokia 6110 ya mwaka 1997, simu iliyoleta mchezo wa nyoka, iliruhusu watu wawili kushindana kwa mwanga usioonekana unaotoka kwenye kichwa cha simu: mnazielekeza uso kwa uso, karibukaribu, na mkitikisika mawasiliano yanakatika. Nokia 3310 ya mwaka 2000, ambayo ndiyo iliyozagaa zaidi, haikuwa na mwanga huo kabisa. Ndani yake wakaweka Bantumi, mchezo wa jamii ya bao, wenye safu mbili za mashimo badala ya nne tulizozoea. Mtu anayetoka kwenye bao la kete 64, lenye namua na mtaji, aliuona kama bao la watoto wa chekechea. Watu wakaishia kupokezana simu.

Kupokezana ndiko kunakotofautisha mchezo mzuri wa watu wawili na mbaya, na hapa orodha ya michezo 400 inaanza kupungua haraka. Menyu nyingi zinaandika "2 PLAYERS" bila kusema ni wawili wa aina gani. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ni mchezo mkubwa, hilo halina ubishi, lakini wawili wake ni wa foleni: unacheza hadi ufe, ndipo mwenzako aingie. Mwekee mtoto aliyezoea pamoja na mgeni. Mgeni anaingia shimoni sekunde ya kumi, kisha anakaa kumtazama mwenye gemu akivuka ngome tatu. Galaga nayo ni ya foleni. Pedi ya pili hapo haina kazi ya maana, ungeweza kuwapa wote pedi moja.

Ice Climber, nayo ya 1985, inawaweka wawili mlimani kwa wakati mmoja, na hapo mwandishi anakutana na swali jipya: kioo kimfuate nani? Jibu lao lilikuwa la kikatili. Kioo kinamfuata aliye juu, na anayeachwa chini ya ukingo anapoteza uhai mmoja. Contra kwenye hatua ya maporomoko ya maji ni vilevile. Mwenye haraka anaruka, mwenzake anakufa bila kuguswa na adui yeyote. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakinuniana kwa hatua hiyo. Hata hivyo Contra inajua kufidia: ukimaliza uhai wako wote, unaweza kuchukua kutoka akiba ya mwenzako ukarudi vitani. Aliyekuwa anakuacha nyuma sasa analipa deni lako.

Ila kama ni mchezo mmoja tu wa kuuchambua kwa heshima, nautaja ule wa vifaru, Battle City, uliotengenezwa na Namco mwaka 1985. Uwanja wote unaonekana kwenye kioo kimoja, hakuna kusogea, kwa hiyo swali la kioo kimfuate nani limekwepwa tangu mwanzo. Chini katikati kuna tai aliyezungushiwa matofali, ndiye wa kulindwa. Vifaru 20 vya adui vinaingia kwa kila hatua. Ukiwa peke yako, vinavyoruhusiwa kuwepo uwanjani kwa pamoja ni vinne, na mkiwa wawili ni sita. Mchezaji wa pili hajapewa mteremko, mchezo umejipima upya.

Kisha kuna sheria ambayo kwangu ndiyo akili ya mchezo mzima. Risasi yako ikimpiga mwenzako haimuui. Inamgandisha kwa muda, kifaru chake kinapepesa tu mahali pale. Angekufa, wachezaji wangejifunza kuogopana na kukaa mbalimbali, au wa kulipiza kisasi angeharibu kila kitu. Isingekuwa na athari yoyote, kusingekuwa na sababu ya kutazamana. Kuganda ni adhabu ya katikati: inatosha kupigiana kelele, haitoshi kuvunja mchezo. Ila ukimpiga tai wenu mwenyewe, mmeshindwa wote wawili papo hapo. Nafasi ya uchokozi ipo, na hatari yake mnaibeba pamoja.

Neno moja kwa wazazi wanaorudisha gemu dukani wakidai kioo kibovu. Mashine hii inaweza kuchora vipande 64 vinavyotembea, lakini visizidi vinane kwenye mstari mmoja wa kioo. Mtu mmoja wa Contra ameunganishwa kwa vipande kadhaa. Wakisimama wawili sambamba, maadui mbele, risasi katikati, vinane vinapita mara moja. Waandishi wa programu walizungusha zamu, kila picha kipande tofauti kikikosa nafasi, ndiyo maana vitu vinapepesa. Hapo hakuna kilichoharibika.

Kwa mazingira yetu kuna mawili yanayoipa gemu hii maisha. La kwanza ni betri. Matoleo mengi yanatumia BL-5C, betri ya simu za Nokia, ileile inayokaa kwenye redio ndogo na kupatikana kwa fundi simu yeyote kuanzia Masasi hadi Newala. Umeme ukikatika unabadilisha betri, mchezo unaendelea. La pili ni ule waya wa runinga. Kioo cha inchi tatu hakitoshi vichwa viwili. Mwenye gemu anaivutia kwake na mwenye pedi anabaki kuchungulia. Ikiunganishwa na runinga, watoto sita wanaona, wawili wanacheza, na utaratibu wa kwenye vibanda vya gemu unaingia wenyewe: aliyefungwa anatoka, mwingine anashika. Picha ikitoka nyeusi na nyeupe usimlaumu aliyekuuzia. Mara nyingi gemu inatoa rangi kwa mfumo wa NTSC wakati runinga imewekwa PAL. Ingia kwenye mipangilio ya runinga ubadilishe. Na ukague kwanza kama runinga yako ina matundu ya waya huo, maana nyingi za siku hizi zimeyaondoa.

Kwa hiyo msimu huu, kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji achomeke pedi ya pili palepale kaunta na afungue mchezo wa vifaru. Chagua wachezaji wawili. Jaribu vitufe vyote vya pedi hiyo kimoja kimoja, hasa mishale, kwa kuwa waya wake ni mwembamba na ndio unaokatika kwanza. Kisha toa betri uitazame namba yake. Pedi isipoitika, usikubali kuambiwa michezo ni 400. Chukua gemu nyingine au rudi na hela yako nyumbani.