Namna ya Kuipima Picha ya Sura Iliyopotoshwa

Kiwandani Kericho, mwonja chai hukagua majani makavu, majani yaliyokwisha kutiwa maji moto, kisha chai yenyewe. Picha ya mtu aliyepotoshwa umbo kwa makusudi nayo ikaguliwe mara tatu.

Kwanza, tafuta picha ya kale iliyo chini yake. Mwaka 1650 mchoraji Diego Velázquez alimchora Papa Innocent X kitini pake. Mwaka 1953 mchoraji Francis Bacon akamchora upya papa huyo akipiga mayowe nyuma ya michirizi ya rangi. Kiti kipo, vazi lipo, mkao upo. Ndiyo maana kinywa kilichoachama kinatisha. Pasipo utaratibu, hakuna kinachovunjwa.

Pili, kila upotoshaji uwe na hoja. Mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1984, katika picha yake *#mydressmychoice* ya 2015 aliuchukua mlalo wa mungu wa kike Venus katika mchoro wa Velázquez akausimulia nao mkasa wa mwanamke aliyevuliwa nguo hadharani Nairobi. Mlalo uliosifiwa kwa urembo ukawa shitaka. Vivyo hivyo, mchoraji wa Bomet akimketisha mchuma chai katika kiti cha papa na kumrefushia vidole kupita kiasi, vidole hivyo vinasema jambo, hasa baada ya mashine za kuchuma chai, zinazochukua kazi ya vidole hivyo, kuchomwa Kericho mwaka 2023. Akimtumbulisha macho bila sababu, ametaka kushtua tu. Kagua mikono kwanza: ajuaye mifupa huipinda kwa uhakika, asiyejua huificha nyuma ya kikapu.

Tatu, gusa kwa macho kile ambacho picha imechorwa juu yake. Armitage hutumia rangi za mafuta juu ya lubugo, nguo ya magome ya mti ambayo Waganda huitengeneza kwa kuyaponda. Ina matundu na mishono, naye huviacha vishiriki katika picha. Kazi dhaifu hutumia lubugo kama pambo. Na kwa kuwa nyanda hizi za chai zina mvua nyingi, geuza picha utazame mgongo wake: ukungu au turubai iliyolegea ni hasara unayoinunua.

Mwisho, simama mbele ya picha hadi mshtuko wa kwanza uishe. Ukiwa bado unamwona mtu, pamoja na hadhi na maumivu yake, inunue. Kikibaki kitisho peke yake, iache.