Hesabu ya Tsavo

Nilisoma The Man-Eaters of Tsavo kwa simu, ndani ya SGR, nikienda Voi kumwona mjomba. Kitabu kinapatikana bure mtandaoni, na kwa mtu aliyeacha chuo kwa kukosa karo, bure ni neno tamu sana.

Jioni mjomba akaniuliza nasoma nini. Nikamsimulia: mwaka wa 1898, Muingereza kwa jina John Henry Patterson analetwa kujenga daraja la reli juu ya mto Tsavo. Simba wawili dume, wasio na manyoya shingoni, wanaanza kuwatoa wafanyakazi kwenye mahema usiku na kuwala. Mjomba alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Na hao walioliwa, ameandika majina yao?"

Sikuwa na jibu. Nilirudia kitabu nikitafuta.

Wacha kwanza nimpe Patterson haki yake. Jamaa anajua kusimulia. Kuna usiku anakesha na bunduki akiwangoja simba kambi hii, mara mayowe yanatokea kambi ile. Hafichi kwamba alikosea, alichoka na aliogopa. Wafanyakazi mamia walitoroka na kazi ikasimama kwa wiki tatu hivi. Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba, wa pili tarehe 29. Kwa kuwaua hao wawili sina ugomvi naye. Simba akizoea kula watu kijijini kwa mjomba, hata mimi nitataka apigwe risasi.

Ugomvi wangu ni hesabu. Patterson alimpima simba wa kwanza kutoka pua hadi ncha ya mkia: futi 9 na inchi 8. Anatuambia hata wanaume waliombeba hadi kambini walikuwa wanane. Halafu tukifika kwa waliokufa, anataja wafanyakazi Wahindi 28, na kuhusu Waafrika anasema tu walikuwa wengi na kumbukumbu rasmi haikuwekwa. Soma tena hapo. Mnyama ana inchi zake, lakini Mwafrika aliyekufa akijenga reli ile ile hana hata namba.

Vitabu vya uwindaji huishi kwa hatari. Bila hatari, kumpiga mnyama risasi ni kuchinja tu, na hakuna anayenunua kitabu cha kuchinja. Kwa hivyo mwandishi lazima atuonyeshe alivyokaribia kufa. Lakini angalia hatari yenyewe inamwangukia nani. Simba wa pili akiwa amejeruhiwa, anamrukia Patterson. Patterson ananyoosha mkono apokee bunduki ya pili kutoka kwa mbeba bunduki wake, Mahina. Mahina hayupo, ameshapanda mti nayo. Patterson naye anapanda. Wote wawili wako juu ya mti, lakini kwenye simulizi Mahina amepanda kwa woga na Patterson amepanda kwa sababu hakukuwa na njia nyingine. Mti ni mmoja, simba ni mmoja, na maelezo ni mawili.

Baada ya Tsavo, kitabu kinabadilika na ndipo swali la maadili linapoiva. Hakuna tena anayeliwa hemani. Patterson sasa anawinda kwa raha, huko nyanda za Athi, akitafuta simba na mapambo ya ukutani. Katika moja ya safari hizo, Bhoota, mtumishi wa rafiki yake, anashambuliwa na simba na hatimaye anakufa. Patterson anamhurumia, na sura nzima ina jina lake. Hata hivyo haulizi kama ile safari ilikuwa na haja yoyote. Simba wa Tsavo walifuata watu. Wa Athi walifuatwa, na aliyelipa si aliyekuwa na hamu ya kuwinda.

Kuna ile methali kila mtu huiweka Instagram, ati mpaka simba wapate mwanahistoria wao, hadithi zitamsifu mwindaji. Tsavo inaikoroga. Wale simba wana historia nzuri tu. Walikuwa mazulia nyumbani kwa Patterson miaka mingi, mwaka wa 1924 akawauzia Field Museum ya Chicago kwa dola 5,000, na hadi leo wanatazamwa kwenye kioo. Mwaka wa 2009 wanasayansi walichapisha makadirio yao baada ya kupima mifupa na manyoya yao: walikula watu wapatao 35. Yaani kuwahesabu wafu wetu, ilibidi tuwaulize simba. Wakubwa wa reli hawakuwa wameandika.

Utasema hayo ni ya zamani, Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977. Kweli, na ni vizuri. Lakini sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema familia ya mtu aliyeuawa na mnyama ilipwe shilingi milioni 5, na familia nyingi husubiri miaka. Mjomba anamjua mama mmoja ambaye fomu zake bado zimelala kwenye ofisi fulani. Ndovu aliyemuua mumewe ana jina alilopewa na watalii.

Asubuhi nilimjibu mjomba. Nilipata Ungan Singh, msimamizi Msikh aliyeburutwa kutoka hemani. Nilipata Mahina na Bhoota. Mwafrika aliyeliwa Tsavo, sikupata jina hata moja.

"Basi hicho ni kitabu cha simba," akasema.

Kisome tu, ni bure na kinasisimua. Ila kila Patterson akiinua bunduki, angalia ni nani amesimama nyuma yake akiwa ameshika ile nyingine.