Kina Kimoja, Risasi Hadi Risasi

Katika mashindano ya kulenga shabaha kutoka mezani huko Marekani, bunduki hulazwa juu ya mifuko ya mchanga, na mlengaji hupiga risasi 5 kwenye karatasi iliyo umbali wa yadi 100, kama mita 91 hivi. Kinachopimwa ni jinsi matundu yalivyokaribiana: kutoka kitovu cha tundu moja hadi kitovu cha lile lililo mbali nalo zaidi. Walengaji wa daraja la juu hupata wastani wa karibu inchi 0.2, yaani milimita 5, ilhali risasi yenyewe ina unene wa milimita 6. Matundu yote huingiana yakawa kitu kimoja.

Watu hawa hawanunui risasi zilizokwisha kutengenezwa. Huziunda wenyewe, mara nyingi palepale uwanjani kati ya raundi na raundi, wakiyajaza upya maganda yaleyale ya shaba. Hubadilisha fataki, hupima baruti, kisha huzamisha kichwa cha risasi shingoni mwa ganda. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ninayoistahi kuliko zote, kwa sababu hutoa hesabu ya kazi yote iliyotangulia.

Ndani ya mtutu mna mifereji inayojipinda, na kati ya mifereji mna matuta. Risasi ikiwa chumbani mwa bunduki, kichwa chake husimama nyuma kidogo ya pale matuta yanapoanzia, au huyagusa. Nafasi hiyo huamua jinsi kichwa kitakavyoingia mtutuni na jinsi shinikizo litakavyopanda. Kikibanwa kwenye matuta, shinikizo huongezeka, na ndiyo maana mtu makini haibadilishi nafasi hiyo kwa kubahatisha wala hapuuzi vipimo vya baruti vilivyochapishwa na watengenezaji wake. Vichwa virefu vyenye ncha nyembamba, vya aina iliyobuniwa na Bill Davis na kuenezwa na Walt Berger, vina hisia kali zaidi: nafasi ikihama kidogo tu, matundu hutawanyika.

Je, kina cha kichwa ndani ya ganda, kinachoamua nafasi hiyo, hupimwaje? Anayeanza hushika kalipa na kupima risasi nzima, kutoka kitakoni hadi nchani. Majibu humchanganya, maana kila risasi humpa tarakimu yake. Kosa liko nchani. Ncha ya kichwa cha mashindano ina tundu dogo, na kingo zake hazikatiki sawasawa kiwandani. Kuipima ni kama kupima urefu wa mtoto pamoja na nywele zilizosimama. Tena, ncha haigusi mtutu. Kinachogusa ni duara fulani ubavuni mwa kichwa, pale unene wake unapolingana na nafasi iliyo kati ya matuta. Kwa hiyo mafundi hufunga kwenye kalipa kipande cha chuma chenye tundu la ukubwa huo, wakapima kutoka kitako cha ganda hadi kwenye duara hilo. Tarakimu zilizokuwa zikirukaruka hutulia, na tofauti zinazobaki huhesabiwa kwa sehemu moja ya elfu ya inchi, yaani milimita 0.0254, pungufu ya unene wa unywele.

Hapo ndipo utamu wa ufundi huu unapoanza. Chuma kinachosukuma kichwa ndani ya ganda hakikishiki pale pale kalipa inapopima. Hukishika juu zaidi, karibu na ncha. Kwa hiyo kuna maduara mawili: moja la kusukumia, moja la kupimia. Mashine hulishusha lile la kwanza mahali palepale kila mara, lakini umbali kati ya maduara hayo ukitofautiana baina ya kichwa na kichwa, kipimo nacho hutofautiana, hata mkono uwe mtulivu namna gani. Dawa yake ni kuvipanga vichwa kwa makundi kabla ya kazi, au kutumia vile vilivyofinyangwa katika kalibu moja na mtu mmoja, kama walengaji wengi wa mezani wafanyavyo. Ni lazima pia chuma hicho kiwe na shimo la kutosha, ncha isigonge mwisho wake.

Baada ya umbo huja ukinzani. Shaba hukakamaa kila inapopanuliwa na mlipuko na kubanwa tena na kalibu. Shingo iliyokakamaa hukishika kichwa tofauti na shingo laini, na kichwa kinachokataa kwa nguvu zaidi hukomea juu kidogo. Kwa hiyo shingo hupitishwa motoni kwa muda mfupi ili zilainike, huku kitako kikilindwa, kwa kuwa ndicho kinachobeba shinikizo. Mdomo wa ganda hukwanguliwa kwa ndani usikikwaruze kichwa. Ndani ya shingo wengi huacha utando mwembamba wa masizi, maana shaba iliyosafishwa mpaka ikawa tupu hung'ang'ania.

Baruti nayo ina neno lake. Mwaka 1975 Louis Palmisano, aliyekuwa daktari, na Ferris Pindell, fundi wa zana na kalibu, waliunda risasi fupi nene iitwayo 6 PPC kutokana na ganda la .220 Russian, nayo ikatawala mashindano haya. Ganda lake ni dogo na mara nyingi hujazwa hadi karibu na shingo. Baruti ikisongamana, huweza kukisukuma kichwa kirudi juu baada ya mkono kuondoka. Ndiyo maana humiminwa polepole kupitia mrija mrefu, punje zijipange zenyewe.

Mwishowe huja mkono. Wengi huiacha mashine kubwa yenye wenzo mrefu, wakatumia kalibu ya mkononi, kama zile za kampuni ya L.E. Wilson, chini ya kikandamizi kidogo cha mezani. Wenzo mrefu huficha ukinzani. Kikandamizi kidogo huufikisha kiganjani. Wapo wanaofunga juu yake saa ya kuonyesha nguvu iliyotumika. Ganda lililoshika mno hutengwa, likatumika kwa majaribio. Kipimo kikicheza, fundi mzoefu haanzi kwa kugeuza skrubu. Hurudi kukagua shingo, mdomo, umbo la kichwa na ujazo wa baruti, kwani sababu iko huko.

Usawa huu hauzuii upepo, na upepo ndio unaoamua ushindi na kushindwa katika uwanja ule. Lakini mlengaji aliyelinganisha kina cha risasi zake akiona tundu limekwenda pembeni, ana haki ya kusema kwamba aliusoma upepo vibaya, akajirekebisha katika risasi inayofuata. Asiyelinganisha hana haki hiyo. Tundu lake lina sababu nyingi zinazowezekana, na hakuna hata moja inayoweza kumfundisha. Kwangu mimi hiyo ndiyo thamani ya saa zinazotumika mezani: zinamwezesha mtu kuliamini kosa lake na kujifunza kutokana nalo.