Kuisoma Tena Kusadikika

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hukutana na Kusadikika ya Shaaban Robert wangali madarasani. Riwaya hiyo, iliyotolewa mwaka 1951, husomwa hapo kwa ajili ya mtihani: mwanafunzi hukariri majina ya wajumbe sita, pande walizotumwa, na funzo la kila safari. Mtihani ukiisha kitabu hufungwa, na kinachobaki ni picha ya nchi ya angani yenye maajabu ya kuwafaa watoto.

Msomaji akiirudia akiwa mtu mzima, huona kwamba kiini cha riwaya ni baraza la hukumu. Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka kuanzisha elimu ya sheria. Utetezi wake ni habari za watu wengine: wajumbe waliotumwa Mashariki, Magharibi, Kaskazini, Kusini, Mbinguni na Ardhini, wakarudi na mashauri yenye manufaa, wakatiwa gerezani. Kijana huzisoma safari hizo kama ngano sita zilizoshonwa pamoja. Mtu mzima, aliyekwisha kuona shauri likikatwa kabla mshtakiwa hajafungua kinywa, huzisoma kama ushahidi. Hapo fani na maudhui hukutana: Karama huonyesha haja ya mtetezi kwa kuwatetea watu sita ambao hawakumpata.

Wahakiki wamewahi kuwalaumu wahusika wa Shaaban Robert kuwa ni sifa zilizopewa majina ya watu. Lawama hiyo ina ukweli wake. Lakini barazani kila mtu husema kwa cheo chake, na Majivuno haonekani mgeni kwa aliyewahi kusimama mbele ya wakubwa.

Udhaifu ulio mzito zaidi u mwishoni. Wafungwa hufunguliwa kwa kauli ya Mfalme. Haki imeshinda, ila imeshinda kwa hisani, na sheria aliyoipigania Karama bado haijasimama kwa miguu yake. Kijana hufurahia mwisho huo. Mtu mzima hufurahi, kisha akauliza ingekuwaje kama kitini angekuwapo mfalme mwingine. Katika Tanganyika ya 1951, iliyotawaliwa na Waingereza, swali hilo halikuwa la angani hata kidogo. Wala halikukoma kwa uhuru wa 1961. Mwalimu atakayelianza somo kwa swali hilo, akayaacha majina ya wajumbe yafuate, atakuwa amewarudishia wanafunzi wake riwaya yenyewe.